Kifafa Si Aibu: Tuwape Vijana Wetu Uzi, Sindano na Wenzao

  

Katika toleo hili tumeona tuseme juu ya jambo ambalo hapa Kilema, kama kwingineko, aghalabu husemwa kwa kunong'ona. Nalo ni hali ya vijana wetu wenye maradhi ya ubongo na mishipa ya fahamu, hasa kifafa. Wengi hukumbukwa siku wanapoanguka tu. Siku nyingine zote hukaa ndani, nao wenzao wako shuleni, madrasa na uwanjani. Rai yetu ni kwamba kijana huyu anahitaji dawa, lakini dawa peke yake haimtoshi. Anahitaji pia mahali pa kukaa na wenzake na kazi ya kushika mkononi. Njia moja nyepesi ya kumpatia hayo mawili kwa pamoja ni kikundi cha kufuma.

Yule mama wa zama za Mtume

Wanafunzi wa hadithi wanakijua kisa kilichopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.). Mwanamke mmoja mweusi alimwendea Mtume (S.A.W.) akamweleza kwamba anaanguka kifafa, na kwamba akianguka mwili wake hufunuka. Akaomba aombewe dua. Mtume akampa hiari: asubiri apate Pepo, au amwombee kwa Allah apone. Akachagua kusubiri, ila akaomba dua asifunuke. Mtume akamwombea hilo.

Ndugu msomaji, tuzingatie mambo mawili. La kwanza, mama yule hakufichwa wala hakufukuzwa. Alifika mwenyewe, akasema shida yake kwa kinywa chake, akasikilizwa, akaachiwa achague. La pili, kilichomuumiza zaidi kilikuwa ni kukosa sitara, kwamba ataanguka mbele za watu na kufunuka. Zimepita zaidi ya karne 14, na hofu ya kijana wetu wa leo ni ile ile. Haogopi kuanguka tu, anaogopa kuanguka mahali ambapo watu watamkimbia, au watamzunguka wakimtazama.

Basi sitara ya kijana huyu ni nini? Wapo wazazi wanaodhani kuwa ni kumfungia chumbani. Sisi tunasema sitara yake ni watu. Akianguka kati ya wenzake wanaomjua, mmoja atamlaza ubavu, mwingine atamfunika kanga, wa tatu atawaambia wapita njia waendelee na safari yao. Akianguka peke yake chumbani hana wa kumfunika.

Kifafa ni nini, na si nini

Kifafa hutokea pale umeme wa ubongo unapovurugika kwa ghafla. Chanzo chaweza kuwa mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, ajali ya kichwa, au jambo lisilojulikana. Chaweza pia kuwa mayai ya minyoo ya nguruwe, na hapa Waislamu tusijione tuko salama kwa kuwa hatuli nyama hiyo. Mayai hayo hutoka katika kinyesi cha mtu mwenye minyoo, yakaingia kwenye maji au mboga za majani zisizooshwa vizuri. Kifafa chenyewe hakiambukizi. Hakipiti kwenye mate, wala kwenye povu, wala kwa kula sahani moja.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 50 duniani wana kifafa, na kwamba hadi asilimia 70 yao wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepimwa na kupewa dawa ipasavyo. Hapa hapa mkoani kwetu, wilayani Hai, watafiti walipita nyumba kwa nyumba wakachunguza watoto zaidi ya 38,000 wa umri wa miaka 6 hadi 14. Waliwakuta watoto 112 wenye kifafa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2012, na wengi wa watoto hao hawakuwa wakipata matibabu yaliyostahili.

Madhara ya kutenga watu nayo yanajulikana kwa muda mrefu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianza kuwatibu wenye kifafa huko Mahenge, kusini mwa Morogoro. Aliwakuta wagonjwa wakila peke yao, wengine wakiwa na makovu makubwa ya moto. Walikuwa wameanguka jikoni, na waliokuwapo waliogopa kuwagusa ili kuwatoa. Makovu hayo yalitokana na maradhi, na vile vile yalitokana na woga wa majirani.

Kazi zote zimekatazwa, imebaki ipi?

Tuangalie maisha yetu ya mlimani. Kijana anaonekana kijana kwa kazi zake. Anapanda mti kukata majani ya ng'ombe, anateka maji mfongoni, anakoka moto na kupika, anakata nyasi kwenye miteremko, anaendesha bodaboda. Sasa huyu mwenye kifafa anakatazwa zote, na kwa kweli nyingi ni haki akatazwe, maana moto, maji na mahali pa juu ndipo maradhi haya yanapoua. Lakini tukishamkatazia zote hizo, tunampa ipi? Aghalabu hatumpi yoyote. Tunamwambia, "Kaa hapo, utaanguka." Anakaa mwaka wa kwanza, wa pili, wa kumi.

Kufuma ni kazi ambayo mtu anaweza kuanguka katikati yake bila kuungua wala kuzama. Hufanywa kwa kukaa, na akikaa juu ya mkeka hana pa kuangukia mbali. Haina mashine wala umeme. Tena ni kazi yenye subira. Akianguka na kupumzika, siku ya pili ataukuta mstari wake pale pale alipouacha. Kitanzi kilichotoka huokotwa, na palipoharibika hufumuliwa pakafumwa upya.

Kufuma kwa kikundi kuna faida nyingine. Si kila kijana mwenye maradhi ya ubongo anaweza mazungumzo marefu. Mwingine dawa zinampa usingizi, mwingine mtindio wa ubongo umeuzuia ulimi wake. Katika duara la kufuma macho ya watu yako kwenye uzi, kwa hiyo ukimya hauonekani kuwa ni kasoro. Mwenye neno huongea, na asiye na neno anaendelea na vitanzi vyake akiwa bado ni mmoja wa waliokaa.

Haya si maneno yetu peke yetu. Mwaka 2013 nchini Uingereza ulichapishwa utafiti wa Jill Riley, Betsan Corkhill na Clare Morris, uliowauliza wafumaji zaidi ya 3,500 kutoka nchi 31. Waliofuma mara kwa mara walieleza kuwa kazi hiyo huwatuliza moyo, na waliofuma pamoja na wenzao walieleza nafuu zaidi katika furaha na mahusiano yao na watu. Hata hivyo yapasa tuwe wakweli. Wale walikuwa watu waliojitolea kujibu maswali, karibu wote wanawake, na hawakuchaguliwa kwa sababu ya kifafa. Kwa hiyo hatusemi kufuma kunatibu kifafa. Tunachosema ni kuwa upweke nao ni maradhi, na kukaa pamoja kwa kazi ya mikono kunaupunguza.

Nchini kwetu upo mfano wa Iringa. Mwaka 2003, chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa la Anglikana, ilianzishwa karakana ya Neema Crafts kwa vijana viziwi watatu. Ikakua, ikaajiri watu wengi wenye ulemavu wa aina mbalimbali wanaofuma nguo na kutengeneza bidhaa nyingine. Wageni hufika kununua, na wanachokiona mbele yao ni mafundi. Jambo jema hujifunzwa popote lilipo.

Yasemwayo kupinga

Kwanza, wapo watakaosema kuwa kufuma ni kazi ya wasichana. Tunawauliza, kofia mnazovaa msikitini zimetoka wapi? Lamu na Unguja kofia za viua zimeshonwa kwa mkono kizazi baada ya kizazi, na mwanamume huivaa kwa fahari. Nabii Daud (A.S.) alifundishwa na Mola wake kutengeneza deraya kwa kuunganisha pete za chuma kwa kipimo. Mtume wetu (S.A.W.) mwenyewe alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake. Mvulana akifuma kofia yake hapungukiwi kitu.

Pili, watasema sindano ni hatari kwa mtu anayeanguka. Hoja hii ni ya kweli na ina majibu. Zitumike sindano nene za mianzi au plastiki zenye ncha butu. Anayeanguka mara nyingi aanze kwa kufuma kwa vidole vyake, bila sindano kabisa. Asiyeweza kufuma kwa udhaifu wa mkono atakunja uzi kuwa madonge, na bila madonge hakuna afumaye.

Tatu, wapo wasemao kuwa ugonjwa huu ni jini tu, hivyo hauhitaji hospitali wala kikundi. Dua na kisomo ni haki ya kila mgonjwa wa Kiislamu, wala hatumzuii mtu. Lakini Mtume (S.A.W.) ametuhimiza tutafute tiba, na dawa ya kifafa humezwa kila siku kwa saa yake. Kuikatisha ghafla kwaweza kuleta mwanguko mkubwa unaohatarisha maisha. Ramadhani ikikaribia, kijana amwone daktari kwanza apangiwe, asijipangie yeye wala asipangiwe na jirani.

Rai yetu

Tunapendekeza kila madrasa ya huku kwetu itenge alasiri moja kwa wiki, baada ya sala, kwa ajili ya kikundi cha kufuma. Wasichana wakae na mwalimu wao wa kike, wavulana na mwalimu wao. Gharama yake ni ndogo. Sweta kuukuu za mitumba kutoka soko la Memorial pale Moshi zikifumuliwa, zikaoshwa na kukunjwa, hutoa uzi wa kutosha. Kazi ianze na vipande vya mraba, kisha skafu, kisha kofia.

Jambo la msingi ni kuwa kikundi kisiwe cha wagonjwa peke yao. Tukiwakusanya wenye kifafa upande wao, tutakuwa tumewatenga kwa jina jipya. Wanafunzi wazima wajiunge, na tunawaambia ninyi wanafunzi wetu wazi wazi: mkija, msije kwa kuhurumia. Njooni mjifunze kufuma. Huenda mwenye kifafa ndiye atakayekufundisha, kwa kuwa yeye atakuwa ametangulia.

Kila aliye katika kikundi ajue la kufanya mwenzake akianguka. Aiondoe sindano na vitu vigumu karibu yake, amwekee kitu laini chini ya kichwa, amlaze ubavu, amfunike. Asimkandamize, na asimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni. Atazame saa. Ikizidi dakika 5, au akianguka tena kabla ya kuzinduka, apelekwe hospitali haraka. Akizinduka aambiwe kwa upole kilichotokea, na kazi iendelee.

Wazazi nao wasimalize safari kwenye kikundi. Hospitali ya Kilema iko karibu, na KCMC ya Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, ni hospitali ya rufaa yenye chuo kinachofundisha wataalamu wa kumsaidia mgonjwa arudi katika kazi na shughuli zake za kila siku. Wataalamu wa namna hiyo waulizwe ni kazi gani inamfaa kijana huyu kwa hali ya mikono yake.

Kuhusu mauzo, yakiwepo ni heri, lakini yasiwe sharti. Kijana afumaye taratibu akipimwa kwa idadi ya sweta ataonekana mzigo tena. Baridi ya Juni na Julai tunaijua sote. Kofia za kwanza zipelekwe kwa watoto wachanga. Aliyezoea kupokea msaada tangu utoto wake naye aonje kutoa, kwani mwenye kutoa huketi na watu akiwa ameinua kichwa.

Ndugu wasomaji, kazi hii haihitaji kusubiri mfadhili. Yahitaji mkeka, uzi, mwalimu mmoja anayejua kufuma, na mzazi mmoja atakayekubali kufungua mlango wa chumba. Kama kwenu yupo kijana wa namna hiyo, mleteni. Kama yupo kwa jirani, nendeni mkamwombe. Tunamwomba Allah (S.W.) awaponye wagonjwa wetu, awape subira wazazi wao, na atujaalie sisi tuwe sitara kwao.

Wabillahi tawfiq.