Madai ya Visima Yasiyostahimili Kipimo

Kila maji ya bomba yanapoanza kutoka kwa mgao Dar es Salaam, maneno yale yale hujaa kwenye kuta na nguzo za umeme: TUNACHIMBA VISIMA, namba ya simu chini yake, maji ya uhakika. Sina ugomvi na visima. Ukiondoa barafu, karibu maji yote baridi ya dunia yako chini ya ardhi. Unguja inaishi kwa hayo. Hata Sultani Barghash alipopeleka maji ya bomba Mji Mkongwe katika karne ya 19, aliyatoa kwenye chemchemi za upande wa Bububu. Ninachokipinga ni madai yanayouzwa pamoja na kisima. Watu wanachukua mkopo wa kikundi, wanachimba kwa kuyaamini, kisha wanabaki na shimo la maji ya chumvi na deni.

Dai la kwanza ni kwamba huku chini kuna mto, na kazi ya mchimbaji ni kuufikia. Mito ya chini ipo, lakini ni ya mahali pachache, hasa kwenye mapango ya mawe ya chokaa. Kwingine kote maji yamekaa katika nafasi ndogo kati ya punje za mchanga na katika nyufa za miamba, na husogea taratibu mno, pengine mita chache tu kwa mwaka. Ndiyo maana visima viwili vilivyo jirani vinaweza kutofautiana kabisa: kimoja kimekutana na mchanga, kingine kimeishia kwenye udongo wa mfinyanzi, ambao una maji lakini hauyaachii. Na anayekuja na vijiti viwili mkononi kukuonyesha mto unapopita, majaribio yaliyofanywa kwa uangalifu hayajaonyesha kwamba anabahatisha vizuri kuliko mtu mwingine yeyote.

Dai linaloumiza zaidi watu wa pwani ni hili: “Yakitoka ya chumvi, tuongeze kina, matamu yako chini.” Sehemu nyingi za mwambao mambo ni kinyume. Maji ya mvua yaliyozama ni mepesi kuliko ya bahari, kwa hiyo yanaelea juu yake ndani ya ardhi kama mafuta juu ya mchuzi. Mholanzi Ghyben na Mjerumani Herzberg, kila mmoja kwa wakati wake, zaidi ya miaka 100 iliyopita, walieleza hesabu yake: maji baridi yakisimama mita 1 juu ya usawa wa bahari, yanashuka takriban mita 40 chini ya usawa huo kabla ya kukutana na chumvi. Hesabu hiyo inasomeka pia kwa upande wa pili. Pampu ikishusha maji kwa mita 1 na kuyaacha hapo muda mrefu, chumvi inaweza kupanda hadi mita 40 kuja juu. Huhitaji kuiona bahari ili ikufikie.

Wala haihitajiki chumvi nyingi. Mimina nusu lita ya maji ya bahari kwenye ndoo ya lita 20 ya maji matamu, uonje. Chumvi utaisikia, hata kwenye chai. Kisima kilichofika hapo hakirudi haraka. Unaweza kuzima pampu leo, na mvua za miaka kadhaa zisitoshe kuisukuma chumvi ilikotoka. Mashariki ya Unguja, ambako ardhi ni mawe ya matumbawe, maji ya visima vingi hupanda na kushuka pamoja na bahari inavyojaa na kupwa. Mahali kama hapo, pampu kubwa ya kumwagilia bustani ya hoteli inachezea maji ambayo kijiji kizima kimeyanywa kwa vizazi.

Kuna mahali kuongeza kina kunalipa, na ni haki niseme. Kigamboni, kwenye eneo la Kimbiji, visima vimeshuka mamia ya mita hadi kwenye mchanga wa kale uliolala chini ya tabaka za udongo wa mfinyanzi, na maji yake ni matamu. Mwishoni mwa 2022, Mto Ruvu ulipopungua na jiji likaingia kwenye mgao mkali, maji ya Kigamboni ndiyo yaliyoongezwa kwenye mabomba. Lakini yalipatikana baada ya miaka ya uchunguzi, visima vya majaribio na fedha nyingi za umma. Haikuwa kazi ya fundi aliyekuja Jumamosi na mashine ya kukodi.

“Maji ya chini hayaishi. Mvua moja tu, yamerudi.” Jibu la dai hili liko Makutupora, kaskazini ya Dodoma, kwenye visima vinavyounywesha mji huo. Pale watu walishika daftari kwa uvumilivu unaostahili heshima: kina cha maji kilipimwa tangu miaka ya 1950, na mwaka 2013 watafiti walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za miaka 55. Walichokiona ni kwamba mvua ya kawaida haikurudisha kitu cha maana. Maji yalikuwa yakishuka mwaka baada ya mwaka, kisha yanapandishwa na misimu michache ya mvua kubwa kupita kiasi, na uliozidi yote ni ule wa El Niño ya 1997 na 1998. Kwa hiyo kisima kinachotoa maji leo huenda kinatoa mvua ya miaka mingi nyuma, na hakuna ajuaye msimu mwingine wa namna ile utakuja lini. Bila daftari lile tungeendelea kubishana.

Dai kubwa kuliko yote huvaa suti. Septemba 2013 Kenya na UNESCO walitangaza, kwa kutegemea picha za setilaiti, kwamba Turkana, mojawapo ya sehemu kame kabisa za nchi, imekalia hazina kubwa za maji, na ya bonde la Lotikipi ndiyo kubwa kuliko zote. Magazeti yakaandika kwamba Kenya imepata maji ya miaka mingi. Uchimbaji na upimaji uliofuata ulikuta maji ya Lotikipi yana chumvi nyingi mno kwa kunywa. Picha za setilaiti zinaweza kuonyesha mahali pa kutafuta. Haziwezi kuonja.

Halafu kuna wale wanaosema ardhi inachuja kila kitu. Mchanga mzuri unachuja, kweli. Matumbawe yenye nyufa hayachuji: maji ya choo cha shimo yanaweza kufika kisimani karibu kama yalivyoondoka. Tafiti za visima vifupi vya Dar es Salaam zimekuta naitreti na vimelea vya kinyesi mara nyingi, hasa kwenye mitaa iliyobanana. Kuchemsha kunaua vimelea, ila naitreti haitoki. Floraidi nayo haitoki. Kuzunguka Mlima Meru na Kilimanjaro inatoka kwenye miamba yenyewe ya volkano, kwa hiyo kisima kinaweza kuwa mbali na kila choo, maji yakawa meupe pe, na bado yakawaachia watoto meno ya kahawia na, yakizidi sana, mifupa iliyopinda. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Vyanzo vingi vya Arusha vimeipita mbali. Ukichemsha sana unaipunguzia maji tu, floraidi inabaki kwenye sufuria. Anayekwambia “haya ni safi, yaonje” amekupima wewe, hajayapima maji.

Upimaji wenyewe si siri. Fundi makini hushusha kisimani utepe wenye kihisio mwishoni, kikigusa maji kinalia. Anaandika kina kabla ya kuwasha pampu. Akishaiwasha anapima kila baada ya dakika chache, baadaye kila saa, mchana na usiku, na akiizima anaangalia maji yanarudi kwa kasi gani. Huku nyuma anapima chumvi kwa kifaa cha mkononi, aone kama inapanda. Sampuli inakwenda maabara. Kazi hii ndiyo inayokatwa kwanza mteja akiomba apunguziwe bei, na wachimbaji wengi hawaitaji kabisa asipoiuliza.

Linabaki dai la “kiwanja changu, kisima changu.” Kisheria si hivyo. Tanzania Bara, sheria ya usimamizi wa rasilimali za maji ya 2009 inayahesabu maji yote, hata ya chini, kuwa mali ya umma, na kisima kirefu kinahitaji kibali cha bodi ya maji ya bonde. Sheria ya Maji ya Kenya ya 2016 nayo inayaweka mikononi mwa serikali kwa niaba ya wananchi. Na hata sheria isingekuwapo, maji hayaujui ukuta wako. Ukivuta kwa nguvu unashusha ya jirani, na bahari ikiitikia mwito wa pampu yako, kisima chake kinaweza kuwa cha kwanza kugeuka chumvi. Yeye hakuhojiwa ulipochimba, na bila kina kilichoandikwa kabla hujaanza, hana hata cha kupeleka kwenye bodi.