Mafuta ni ya taifa, lakini shamba ni la nani?

JULAI 28, 2010, Mahakama ya Juu ya Uingereza, hapa London, ilitoa hukumu ambayo ingefaa isomwe kwa sauti katika kila mkutano wa kijiji kuanzia Mtwara hadi Hoima. Aliyeshitaki hakuwa mnyonge. Ilikuwa ni kampuni inayomiliki shamba kubwa la Oxted, huko Surrey, kusini mwa jiji hili, na nyuma ya kampuni hiyo alikuwapo Mohamed Al Fayed, tajiri wa asili ya Misri aliyewahi kuwa mwenye duka maarufu la Harrods.

Kisa chenyewe ni hiki. Visima vitatu vya mafuta vilichimbwa kwa mshazari kutoka eneo la jirani, mabomba yake yakapita chini ya ardhi ya tajiri huyo, futi 800 hadi 2,800 kwenda chini. Hakuna aliyepiga hodi. Alipokuja kujua akaenda mahakamani. Jaji wa kwanza alimpa asilimia 9 ya mapato ya mafuta kuanzia mwaka 2000, zaidi ya pauni 621,000. Mahakama ya Rufaa ikaifyeka hukumu hiyo mpaka pauni 1,000. Mahakama ya Juu nayo ikasema: ndiyo, mmeingia katika ardhi ya mtu bila ruhusa, hilo majaji wote wamekubaliana, lakini fidia, kwa kura tatu dhidi ya mbili, ibaki pauni 1,000 hiyo hiyo.

Kwa nini? Kwa sababu mafuta hayakuwa yake. Tangu sheria ya mwaka 1934, mafuta yote yaliyo chini ya ardhi ya Uingereza ni mali ya Mfalme, yaani dola. Mwenye shamba ana ardhi yake, lakini mafuta yaliyofichika chini si yake. Na kana kwamba hiyo haikutosha, mwaka 2015 Bunge la hapa likapitisha sheria inayoziruhusu kampuni za mafuta na gesi kutumia ardhi iliyo chini ya meta 300 bila kumwomba ruhusa mwenye shamba.

Sasa, ndugu msomaji, kama hivyo ndivyo alivyotoka mahakamani mtu mwenye mawakili wa London, mzee mwenye mikorosho yake 40 kule Lindi atatokaje?

Naomba nieleweke. Sisemi kwamba mafuta na gesi viwe mali ya mwenye shamba. Huo ni utaratibu wa Marekani, ambako wakala wa kampuni humfuata mkulima wa Texas nyumbani kwake, wakaketi mezani, wakakubaliana malipo ya kusaini mkataba na mrabaha ambao kwa miaka mingi ulikuwa sehemu moja ya nane ya mafuta yatakayotoka. Kwetu utaratibu huo ungemfanya mmoja awe mfalme na jirani yake aambulie vumbi, eti kwa sababu tu gesi haikuvuka mpaka wa shamba. Sheria ya Petroli ya Tanzania ya mwaka 2015 inasema rasilimali hiyo ni mali ya Jamhuri kwa niaba ya wananchi wote. Mimi nakubali.

Lakini kuna jambo ambalo wakubwa wetu hulichanganya, sijui kwa makusudi au kwa mazoea. Kusema gesi ni ya taifa si sawa na kusema shamba ni la taifa, mwenyewe apishe. Udongo wa juu ndipo mahali pekee ambapo mwananchi ana sauti mbele ya kampuni. Na hapo hapo ndipo anaponyamazishwa kwa malipo ya mara moja.

Tuchukue mifano. Katika miaka ya 2010 eneo la zaidi ya hekta 2,000 lilitengwa Likong'o, Lindi, kwa ajili ya kiwanda cha kusindika gesi asilia, mradi ambao baadaye ulikadiriwa kugharimu dola bilioni 42. Wakazi wa Likong'o, Mto Mkavu na Masasi ya Leo walikaa miaka wakisubiri. Fidia ya shilingi zipatazo bilioni tano ilianza kutolewa mwaka 2020. Mwananchi anayejua kesho ataondoka hapandi mkorosho wala haezeki nyumba. Hiyo miaka ya kungoja inalipwa na nani?

Njoo kwenye bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga. Ni kilometa 1,443, na 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania. Ardhi iliyochukuliwa iligusa watu zaidi ya 13,000. Wengi walieleza kuwa baada ya mali zao kuorodheshwa waliambiwa wasijenge tena wala wasipande mazao ya kudumu, kisha wakasubiri miaka miwili, mitatu, kabla ya kuiona hundi. Na kampuni inayomiliki bomba hilo imesajiliwa wapi? Hapa hapa Uingereza.

Mfano wa tatu si wa mafuta ya kuchimba bali ya mbono, ila funzo lake ni kubwa kuliko yote. Kampuni ya Kiingereza ya Sun Biofuels ilipewa zaidi ya hekta 8,000 Kisarawe, kwa miaka 99, ardhi iliyotoka kwa vijiji kadhaa. Mwaka 2011 kampuni ikaanguka na mradi ukauzwa kwa wengine. Vijiji havikurudishiwa ardhi yao. Vingerudishiwaje? Ili mwekezaji wa kigeni apate ardhi ya kijiji, kwanza inahamishwa iwe ardhi ya jumla, chini ya mamlaka ya serikali. Ikishahama, kijiji hakina tena cha kudai. Mwekezaji akifilisika, mwenyeji hafaidiki, kwa sababu yeye alishatolewa katika hesabu siku alipopokea hundi.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Tuache kununua ardhi ya wananchi kwa ajili ya miradi ya gesi na mafuta, tuipangishe. Serikali ibaki katikati, ili ile kinga ya sheria inayozuia wageni kujimilikisha ardhi isiguswe. Lakini kijiji, na kaya yenye shamba, walipwe kodi ya kila mwaka kwa muda wote ambao bomba liko chini au kiwanda kiko juu, na mradi ukifa ardhi irudi kwao. Fidia ya nyumba na miti ilipwe juu ya hapo, na marufuku ya kupanda na kujenga isianze mpaka fedha iwe mkononi.

Sheria zenyewe si mbaya kama watu wanavyodhani. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia kamili, ya haki na ya haraka. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka huo huo inakataza ardhi ya kijiji kuhamishwa kabla ya kuafikiana fidia na namna ya kuilipa. Tatizo ni pale inaposema kuwa eneo likizidi hekta 250, kauli ya mwisho si ya mkutano wa kijiji, ni ya waziri. Yaani kijiji kinaweza kukataa shamba dogo, kubwa hakiwezi! Kifungu hicho kirekebishwe.

Wako watakaosema kwamba huku ni kuwatisha wawekezaji. Sikubaliani nao. Kilichowatisha wawekezaji ni Mtwara ya mwaka 2013, wananchi walipoambiwa bomba la gesi linakwenda Dar es Salaam, wakauliza sisi tunabaki na nini, na jibu likawa mabomu ya machozi na watu wakapoteza maisha. Kenya wao, katika Sheria ya Petroli ya mwaka 2019, waliandika asilimia 20 ya fungu la serikali iende kaunti na asilimia 5 iende kwa jamii yenye eneo. Waturkana wataipata au hawataipata, hilo tutaliona, lakini angalau wana namba ya kudai mahakamani. Mtanzania wa Msimbati ana namba gani?

Kwa sisi tulio nje, wengine kwa kutafuta riziki na wengine, kama mimi, kwa sababu ya kalamu, hili si la kusoma na kupita. Mashamba hayo ni ya wazee wetu, na mara nyingi ni fedha tulizotuma sisi ndizo zilizoyanunua. Mthamini akifika, mzee huwekewa fomu ndefu, tena wakati mwingine kwa Kiingereza, akaambiwa atie dole gumba. Mpigie simu leo. Mwambie asitie dole kwenye karatasi asiyoielewa, aombe nakala ya fomu ya tathmini siku hiyo hiyo, miti ihesabiwe yeye akiwepo, na tarehe iandikwe, kwa sababu malipo yakichelewa zaidi ya miezi sita anastahili riba.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kampuni inakuja na daftari lake. Mzee naye awe na lake.