Joto la bati linavyokula fedha za betri ya sola Kasulu

KWA miaka mingi wakazi wa miji ya Kasulu na Kibondo walitegemea umeme wa majenereta ya dizeli ya TANESCO, na vijijini hata huo haukuwapo. Gridi ya taifa iliwafikia mwaka 2022. Hata hivyo, nguzo hazijafika kila shamba wala kila kibanda cha gulio, na betri bado ni sehemu ya mtaji wa mtu: ya tochi, ya redio, ya simu anayoulizia bei ya maharage na kupokelea malipo, na ile kubwa ya sola inayowasha taa dukani.

Pamoja na hayo, ni wachache wanaoipigia betri hesabu kama wanavyoipigia mbolea au nauli ya lori. Ikifa mapema, lawama zote huenda kwa bidhaa feki. Feki zipo, hilo halina ubishi. Lakini ipo sababu nyingine isiyomhusu kabisa aliyeitengeneza, nayo ni joto la mahali ilipowekwa. Hapo ndipo jaribio dogo la darasa la fizikia linapoweza kumsaidia mkulima, au kumpotosha.

Jaribio lenyewe halihitaji vifaa vya gharama. Mwanafunzi huchukua betri tatu za tochi, za aina moja na zenye tarehe moja. Ya kwanza huifunga katika mfuko wa plastiki na kuiweka kwenye barafu, ya pili huiacha mezani, ya tatu, nayo ikiwa ndani ya mfuko, huiweka kwenye maji ya vuguvugu ya nyuzi 40 hivi. Kila moja huunganishwa na balbu inayofanana na za wenzake, na kila baada ya dakika 10 volti hupimwa na kuandikwa, hadi balbu zififie.

Matokeo yanajulikana. Betri ya kwenye barafu huchoka kwanza, na ile ya maji ya vuguvugu hudumu kuliko zote. Umeme wa betri hutokana na kemikali zinazofanya kazi ndani yake, na kemikali hizo huzembea zikipata baridi. Wazee waliokuwa wakianika mawe ya redio juani ili wasikilize taarifa ya habari ya saa mbili usiku hawakuwa wajinga. Betri iliyochoka ikipata joto hujikongoja tena kwa muda.

Basi mwanafunzi ataandika kwenye daftari lake kwamba joto linarefusha maisha ya betri. Mwalimu atampa alama, na mzazi wake akisikia habari hiyo anaweza kuihamishia betri ya sola juu ya dari, karibu na bati. Hapo hasara inaanza.

Jaribio lile limepima saa za kazi katika matumizi ya mara moja. Halikupima miaka. Joto lile lile linaloharakisha kemikali zinazotoa umeme huharakisha pia zile zinazoila betri kwa ndani, iwe inatumika au imekaa tu. Mwanasayansi wa Sweden, Svante Arrhenius, alionyesha tangu mwaka 1889 jinsi kasi ya kemikali inavyopanda kadiri joto linavyopanda. Kwa betri za risasi na asidi, ambazo ndizo zilizozoeleka kwenye magari na sola, mafundi hutumia kanuni nyepesi: kila joto la kawaida la betri likizidi nyuzi 25 kwa nyuzi 10, umri wake hupungua kwa karibu nusu.

Tuifanye kuwa hesabu ya duka. Tuseme betri imenunuliwa kwa Sh200,000 na ingeweza kudumu miaka minne mahali penye ubaridi wa wastani. Kila mwaka inamgharimu mwenyewe Sh50,000. Ikikaa kwenye nyuzi 35 na kufa kwa miaka miwili, gharama inakuwa Sh100,000 kwa mwaka, kwa taa zile zile na redio ile ile.

Kasulu imebahatika kuwa nyanda za juu. Usiku wake una ubaridi kuliko wa Ujiji au Kibirizi, kando ya Ziwa Tanganyika, ambako wavuvi wa dagaa walioacha karabai na kutumia taa za betri hulazimika kuziacha betri zao ufukweni kwenye jua kali. Ni kweli kwamba usiku wa baridi betri ya sola hutoa umeme pungufu kidogo. Kwa nyuzi 15 yaweza kukosa kama sehemu moja ya kumi. Upungufu huo hurudi joto likirudi, lakini umri ulioliwa na joto haurudi. Kwa hiyo anayelalamika kwamba taa inazimika mapema mwezi wa Julai asikimbilie kuihamishia betri kwenye joto. Afadhali apunguze balbu moja.

Ubaridi huo wa Kasulu, hata hivyo, hauingii chini ya bati. Bati lililopigwa na jua la kiangazi mchana huweza kuzidi nyuzi 50, na kibanda kisicho na dari wala dirisha hupika kila kilichomo. Betri inafaa kuwekwa sakafuni juu ya ubao, upande usiopigwa na jua la alasiri, penye hewa inayopita, kwa kuwa betri ya asidi ikichajiwa hutoa gesi inayoweza kulipuka. Kwa zile zenye vifuniko vya kujazia, joto hukausha maji haraka. Zikaguliwe kila mwezi na kuongezwa maji maalumu ya betri, si ya kisima, wala si asidi.

Simu nayo isiachwe ikichaji kwenye jua. Betri yake huchakaa haraka zaidi inapokuwa imejaa na ina moto. Na mchuuzi anayetandaza betri kavu juani kuanzia asubuhi hadi jioni, gulio baada ya gulio, anamuuzia mteja wa mwezi ujao bidhaa iliyokwisha kupungua.

Turudi shuleni. Agizo la Rais Jakaya Kikwete la kila sekondari ya kata kuwa na maabara liliwafanya wananchi wachangie fedha na nguvu zao, wengine kwa kusukumwa. Si vibaya wazazi hao wakiuliza maabara zinawapimia nini. Jaribio la betri lingewafaa likiongezewa sehemu ya pili: betri kavu sita mpya, tatu ziwekwe kwenye stoo ya bati, tatu ndani ya mtungi kivulini, na kipimajoto kisomwe pande zote mbili kila siku saa nane mchana. Muhula mmoja hautoshi, kwani tofauti huja polepole. Ziachwe mwaka mzima, kisha ziwashiwe balbu zile zile na muda uhesabiwe. Kidato cha pili wanaweza kuzianza na kuzipima wakiwa kidato cha tatu, na karatasi ya matokeo ikabandikwa kwenye ofisi ya kijiji.