Kompyuta za Shule Zitengenezwe Desemba, Zisingoje Kengele ya Januari

Shule zetu hufungwa mapema Desemba na kufunguliwa Januari. Kwa wazazi wa Igowole, na wa vijiji vingine vya Mufindi vinavyoishi kwa chai, mbao na viazi, wiki hizo ni za kutafuta ada, sare na madaftari. Ni wachache wanaokumbuka kuwa katika wiki hizo hizo ipo kazi nyingine ambayo isipofanywa wakati wa likizo haitafanyika vizuri mwaka mzima, nayo ni kuhuisha kompyuta za shule. Tunaliandika hili hapa kwa sababu wajumbe wa bodi na kamati za shule, pamoja na wazazi wanaoombwa michango, ndio hao hao tunaoswali nao safu moja kila Ijumaa.

Jambo lenyewe limekuwa la haraka. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Ilikwisha kufanya hivyo kwa Windows XP Aprili 2014, na kwa Windows 7 Januari 2020. Kompyuta haizimiki siku hiyo, na hilo ndilo linalowadanganya wengi. Inaendelea kuwaka na kuchapa barua kama kawaida, lakini nyufa zinazogunduliwa ndani yake hazizibwi tena. Shuleni, ambako flashi moja hupita mikononi mwa walimu kumi kwa siku, kirusi kimoja kinatosha kula alama za darasa zima. Nayo Windows 11 haikubali kila mashine. Inataka RAM isiyopungua gigabaiti 4, nafasi ya gigabaiti 64, na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, ambacho mashine nyingi za mitumba na za msaada hazina.

Hapo ndipo hutokea mtu wa kusema: tupeni zote, nunueni mpya. Sisi hatukubaliani naye. Microsoft yenyewe imeweka bei ya shule kwa nyongeza ya ulinzi wa Windows 10: Dola 1 ya Marekani kwa kompyuta moja mwaka wa kwanza, Dola 2 mwaka wa pili na Dola 4 mwaka wa tatu. Aidha, ipo mifumo ya Linux, kama vile Ubuntu, ambayo hutolewa bure na huendesha mashine kuukuu bila taabu kubwa, ikiwa na LibreOffice kwa ajili ya barua na majedwali ya alama. Hatusemi kila shule ihamie huko. Mwalimu aliyezoea Word na Excel atahitaji siku za kujifunza, na siku hizo hazipatikani wanafunzi wakiwa darasani. Ibadilishwe mashine moja kwanza, walimu waitumie kwa wiki mbili, ndipo zifuatwe nyingine.

Nchi yetu ina historia katika jambo hili, na vijana wengi hawaijui. Kompyuta ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mashine zilitangulia, wataalamu wa kuziendesha wakawa wachache, gharama zikapanda, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Katazo hilo lililegezwa baadaye, lakini miaka ilikuwa imekwisha kupotea. Tunaikumbusha habari hii kwa sababu tunaona kosa lile lile likirudiwa kwa kipimo kidogo. Chumba hujazwa mashine, mtu anayezifahamu ni mwalimu mmoja, na mwalimu huyo akihamishwa anaondoka na neno la siri kichwani mwake.

Kwa hiyo, kabla fundi hajagusa mashine yoyote, kumbukumbu zihifadhiwe. Tunazungumzia majina ya wanafunzi, hesabu za ada, na alama za maendeleo ambazo Baraza la Mitihani huzihesabu katika matokeo ya mwisho ya mtoto. Mzazi aliyeuza mbao ili mwanawe afike Kidato cha Nne hana namna ya kujua kwamba alama za mwanawe zipo katika diski moja tu, tena iliyochoka. Ziwepo nakala mbili, moja katika kabati la mkuu wa shule lenye kufuli na nyingine nje ya eneo la shule, na kila nakala ifunguliwe katika mashine nyingine ili kuhakikisha kuwa inasomeka. Na mashine inapopelekwa Mafinga kwa matengenezo, diski yenye taarifa za watoto ibaki shuleni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu pia wanafunzi wetu, na zaidi ya sheria, hiyo ni amana.

Desemba kwetu ni mwezi wa mvua na radi. Mashine zisizotumika zichomolewe ukutani, zisiachwe sakafuni penye unyevu, na mlinzi aelezwe hivyo.

Suala la fedha ni gumu zaidi, ingawa si kwa sababu watu hawatoi. Wanatoa sana kwa kununua. Kukabidhi kompyuta mpya kuna picha na hotuba. Kununua betri ya akiba, stabilaiza au kumlipia mwalimu wa pili nauli ya kwenda kujifunza hakuna picha. Tungependa kila mchango wa vifaa utengewe sehemu ya matunzo tangu siku unapotangazwa, na hesabu zake zisomwe mbele ya waliotoa.

Mitihani ya Kidato cha Nne ikimalizika, chumba cha kompyuta hubaki na nafasi. Mashine zihesabiwe wakati huo, kila moja iandikwe umri wake na mfumo wake, ili uamuzi ufanyike kabla walimu hawajasafiri. Mjumbe wa bodi asomaye ukurasa huu amuulize mkuu wa shule maswali mawili wiki hii: nakala ya pili ya alama ipo wapi, na ni nani mwingine anayelijua neno la siri?