Karo ya Wageni Nyumbani Kwetu

Leo hatuandiki shairi la amani. Leo tuna kesi na ofisi ya karo.

Kila wiki mnatuuliza inboksi: turudi Juba tusome? Vyuo viko? Tumechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo tunajibu hapa, pamoja na yale ambayo wengine hawatayapenda.

Sisi tulikulia Kakuma. Tulisoma shule za kambi, tukabanana kwenye madawati, tukafanya KCSE kama Mkenya yeyote. Wenye bahati walipata ufadhili, kama ule wa DAFI ambao Ujerumani imekuwa ikiulipia tangu 1992. Wengi hatukuupata. UNHCR wenyewe walisema mwaka 2023 kwamba duniani kote ni kama wakimbizi 7 tu kati ya 100 waliokuwa kwenye elimu ya juu, na wanataka wafike 15 ifikapo 2030. Sisi hatuwezi kukaa tukingoja 2030. Tukafunga mizigo, tukarudi nyumbani, tukaingia chuo kidogo cha binafsi.

Jina la chuo hatutalitaja. Si kwa uoga, ni kwa hesabu: baadhi yetu bado vyeti vyetu vimefungiwa kwenye kabati la msajili.

Kwanza tuwe wakweli, kuna mazuri. Chuo kina mwembe mkubwa, na chini ya mwembe kuna mama wa chai anayewakopesha hata watu wasiomjua vizuri, halafu anakumbuka deni la kila mmoja bila kuandika popote. Kuna kijana wa fotokopi ambaye ndiye maktaba yetu. Ile maktaba rasmi ina rafu mbili, na funguo anazo mtu ambaye kila siku ametoka kidogo. Kuna walimu wanaofundisha vyuo vitatu kwa siku moja, wanafika kwa boda wamejaa vumbi, na bado wanabaki nyuma kukuelezea hesabu usiyoielewa. Hao tunawavulia kofia.

Huduma ndiyo hivyo hivyo. Jenereta linawaka wageni wakija. Maji yanaletwa na tangi, na tangi lisipokuja mlinzi anasema "moyo mafi". Waliofika karibuni wakimsikia wanafikiri amewaambia hawana moyo. Kumbe kwa Kiarabu cha Juba moyo ni maji, na mafi ni hakuna. Tulicheka wiki ya kwanza. Semista ya pili hatukucheka tena. Lakini maji si kesi yetu, Juba nzima inanunua maji.

Kesi yetu ni hii. Chuo kina karo mbili: ya raia kwa pauni, ya wageni kwa dola. Tulienda na vyeti vyetu vya uraia, ile jinsiya tuliyoisotea foleni siku nyingi. Msajili hakuiangalia mara mbili. Akaangalia KCSE, akasema: cheti cha kigeni, karo ya kigeni. Mtu aliyeitwa mkimbizi miaka kumi na tano kwa sababu ni wa Sudan Kusini, leo ndani ya Sudan Kusini anaitwa mgeni kwa sababu alikuwa mkimbizi. Sasa jamani, kwetu ni wapi?

Dada yetu mmoja alibakiza sehemu ndogo ya hizo dola. Alikuwa ameahidi kumaliza mwisho wa mwezi, na mtu wa ofisi alikubali kwa mdomo. Asubuhi ya mtihani akazuiwa getini, hana kadi ya mtihani. Mama wa chai aliacha birika lake, akaenda getini akagomba kwa Kiarabu mpaka watu wakatoka madarasani kuangalia. Haikusaidia. Dada yetu alikaa chini ya mwembe saa tatu nzima akisikia wenzake wakiandika mtihani alioukesha. Semista ilipotea, na pesa aliyokwisha kulipa haikurudi.

Tunajua wenye chuo watajibu nini. Dizeli inauzwa kwa bei ya dola, walimu wanataka chao. Ni kweli. Desemba 2015 pauni iliachiwa ielee, dola moja ikaruka kutoka karibu pauni 3 hadi 18 hivi, na leo inahesabiwa kwa maelfu. Hakuna anayewaonea wivu kwa kuendesha chuo ndani ya uchumi kama huu. Lakini dizeli haiulizi mtu alifanyia wapi mtihani wa kidato cha nne. Mimi na jirani yangu wa Munuki tunakaa benchi moja, chini ya feni moja isiyozunguka. Kama gharama zimepanda, zimepanda kwetu sote. Kumlipisha dola yule aliyetoka kambini tu si hesabu ya gharama. Ni kumtafuta asiye na mjomba serikalini.

Halafu tukumbushane. Chuo Kikuu cha Juba kilianzishwa 1975, na vita vilipokuja, mwaka 1989 kikahamishiwa Khartoum. Chuo chenyewe kilikimbia! Waliohitimu kule hawakuambiwa shahada zao ni za kigeni. Miaka ya 80 harakati za ukombozi zilipeleka mamia ya watoto Cuba, na baadhi yao walirudi wakiwa madaktari, wakapokelewa kama mashujaa. Ukimbizi wao ni historia ya taifa, wetu ni kisingizio cha kuongeza bei?

Kuna wenzetu wanasema serikali ifunge vyuo hivi vyote, kama 2012 wakati wa Waziri Peter Adwok Nyaba, wizara ilipofunga vyuo vingi vya binafsi ambavyo havikutimiza masharti. Hapo hatukubaliani. Ukifunga chuo, mwenye chuo anabaki na kiwanja chake, mwanafunzi anabaki na risiti. Tunachotaka ni kidogo zaidi na kigumu zaidi: karo iandikwe kwa pauni na ibandikwe ukutani kabla ya kusajili, jinsiya ndiyo iamue nani raia, na mtu asizuiwe getini siku ya mtihani kwa deni ambalo ofisi ilikubali lisubiri. Ahadi nazo ziandikwe. Za mdomo tumezishiba.

Na sisi pia tujiseme. Wapo kati yetu wanaonunua kazi za darasani zilizoandikwa na watu wengine, halafu wanalia kwamba vyeti vya Juba haviheshimiwi. Ukinunua kazi, unampa msajili neno la kutujibu sote. Acheni hiyo.

Barua yetu iko ofisini tangu wiki iliyopita. Ina sahihi zetu, na pia za wenzetu waliosoma Juba maisha yao yote na wanaolipa pauni. Hawakulazimika kusaini, walisaini. Wewe uliyelipishwa dola na una jinsiya, piga picha risiti, funika jina lako, utume inboksi kabla ya Ijumaa. Msajili ametuambia hajawahi kusikia malalamiko kama haya, tunataka kumpelekea bahasha nzito.