Kufomati Si Kurekebisha, Omera

Wasee wa Kisumu, leo nakuja na maneno makali kidogo na sitaomba msamaha. Tumekuwa mji wa kufomati. Laptopu ikikohoa, fomati. Programu ikikataa kuingia, fomati. Na wewe unasimama hapo kwa kaunta, unalipa, unasema asante, halafu unarudi Nyalenda na mashine tupu kama sufuria ya bachela tarehe ishirini na nane.

Nina sababu ya kukasirika. Binamu yangu alikuwa anamaliza atachimenti. Laptopu yake ni ya mtumba, kuukuu, Windows ilikuwa inailemea, kwa hivyo tukamwekea Ubuntu 22.04 na ikaanza kukimbia vizuri. Siku moja akapakua programu fulani, faili ya .deb, akailazimisha kuingia. Ikakwama. Kuanzia hapo kila kitu alichojaribu kuweka kikakataa, na terminali ikamtapikia maandishi mengi. Akapanik. Akabeba mashine mpaka duka moja la mjini, jina silitaji. Fundi akaangalia sekunde kumi, akasema, "Hii Linux yako imekufa." Flashi ikaingia. Ripoti ya miezi mitatu ikatoka.

Ndiyo, hakuwa na nakala kwingine. Hiyo nimemgombeza tayari. Lakini hebu tuangalie kompyuta ilikuwa inasema nini, kwa sababu ilikuwa inasema, ni vile hakuna aliyesikiliza.

Ilikuwa inasema hivi: hii programu inahitaji libc6 toleo la 2.38 au zaidi, na hapa kuna 2.35. Basi. Hiyo ndiyo "kifo" yote.

Libc6 ni maktaba ya msingi, karibu kila programu kwenye Linux huipitia ili ifanye kazi. Ubuntu 22.04 ilikuja na 2.35. Ubuntu 24.04 ilikuja na 2.39. Binamu alipakua faili iliyotengenezewa 24.04 akaiweka kwenye 22.04. Ni kama kununua spea ya injini ya boti bila kuuliza ni ya injini gani. Spea ni nzima, injini ni nzima, ni vile tu haziendani. Kwani utatupa boti?

Dawa yake ilikuwa mstari mmoja:

sudo apt --fix-broken install

Mfumo ungemwambia unataka kuondoa kile kifurushi kilichokwama. Angesoma orodha, angekubali, na mashine ingerudi ilivyokuwa. Halafu angetafuta toleo la programu lililotengenezewa 22.04. Dakika tano, na ripoti iko palepale.

Nenda Dunga asubuhi uangalie wavuvi. Wavu ukijifunga, mvuvi hauchomi. Anakaa chini, anatafuta fundo la kwanza, analifungua, anaenda la pili. Hana haraka kwa sababu anajua bei ya wavu mpya. Sisi tunachoma wavu kila wiki halafu tunashangaa mbona hatushiki samaki.

Najua mtaniambia, "Lakini Windows haina hizi drama." Sikia. Kwenye Windows programu nyingi hujibebea maktaba zao, kila moja na mzigo wake. Linux kwa kawaida hushiriki: maktaba moja, programu nyingi zinaitumia. Shimo la usalama likipatikana kwenye ile maktaba, inarekebishwa mara moja na wote wamepona. Faili zinakuwa ndogo pia, na wewe unayenunua bando ya siku unajua maana ya hiyo. Bei ya kushiriki ni kwamba lazima mkubaliane toleo. Wanaokaa nyumba moja na jiko moja wanaelewa. Ukitaka kila mtu na jiko lake, kuna Flatpak na Snap, na mara nyingine ndiyo njia nzuri kabisa, lakini zitakula bando na nafasi zaidi. Chagua ukijua.

Ugonjwa wa pili ni mbaya kuliko kufomati: kubandika amri usizozielewa. Umekwama, unaona mahali mtu ameandika mistari sita inayoanza na sudo, unabandika yote. Sudo maana yake umeipa hiyo amri funguo za nyumba nzima. Ungempa mtu usiyemjua Kondele funguo zako saa nne usiku?

Na msidhani ni sisi tu wa laptopu za mtumba. Novemba 2021 Linus Sebastian, yule wa Linus Tech Tips, mtu wa mamilioni ya watazamaji, alitaka kuweka Steam kwenye Pop!_OS. Kulikuwa na mgongano wa vifurushi. Mfumo ukamwonyesha orodha ya vitu vitakavyofutwa, ukamwambia kama ana uhakika aandike sentensi nzima: "Yes, do as I say!" Akaandika. Desktopu nzima ikaenda. Kosa la kifurushi lilikuwa la watengenezaji, hilo ni kweli. Lakini onyo lilikuwa mbele ya macho yake, kama lilivyo mbele ya macho yako kila siku.

Kwa hivyo, kabla hujabeba mashine kwa mtu yeyote, fanya hivi:

Kwanza, soma ule mstari wenye neno "Depends". Unakuambia nani anamtaka nani, na toleo gani. Huko ndiko fundo liko.

Pili, andika apt policy na jina la kifurushi. Utaona toleo ulilo nalo, matoleo yanayopatikana, na yanatoka ghala gani. Ukiona ghala la nje uliloongeza mwaka jana na ukasahau, umeshapata mshukiwa.

Tatu, andika apt-mark showhold. Inaonyesha vifurushi vilivyozuiwa visibadilike. Labda ni wewe ulivizuia.

Nne, fanya mazoezi. Ukiandika apt -s install na jina la programu, mfumo unakuonyesha utakachofanya bila kugusa chochote. Ukiona inataka kufuta vitu ambavyo hukutaja, simama.

Na wewe wa Python: usiguse Python ya mfumo, Ubuntu yenyewe inaitegemea. Tengeneza venv kwa kila mradi, kila mradi ukae na vitu vyake.

Mafundi wangu, siwachukii. Najua foleni ni ndefu na mteja anataka mashine yake leo. Na kuna siku kufomati ndiyo dawa, kama mfumo umezeeka haupati tena marekebisho, au diski imeharibika hadi inabadilishwa. Lakini muulize mtu kwanza: "Kuna kitu chako humu?" Swali moja tu. Ripoti ya binamu ilikosa swali moja.

Mtu atasema, "Hayo maandishi ni Kiingereza cha kompyuta, sisi tutajuaje?" Hiyo hoja naiheshimu. Lakini tusijifanye hii kitu ni ya wageni. Ubuntu ilianzishwa 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lenyewe ni utu. Mwaka huohuo mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Watu wetu walikaa chini wakatafuta neno la kila menyu. Wewe unashindwa kusoma mistari mitatu?

Kinachoniuma zaidi ya ripoti ni kile binamu alisema baadaye: "Hizi vitu si za watu kama sisi." Hapo ndipo kufomati kunatufikisha. Kila mara mtu akifuta mashine yako bila kukueleza kilichotokea, unajifunza kwamba hutakiwi kuelewa. Unalipa ili ubaki mjinga, na wiki ijayo unalipa tena.

Ameandika ripoti upya, usiku saba. Wiki jana mashine ikamletea yale maandishi tena. Akanipigia simu, nikamwambia asome kwa sauti. Alipofika mstari wa tatu akanyamaza kidogo, akasema, "Ngoja, nimeona," akakata simu.