Tuhesabu Kwanza, Ndipo Tuvuke Mpaka



Tangu Kongo iingie katika Jumuiya ya Afrika ya Mashariki mwaka 2022, sisi wafinalisti hatuna mazungumzo mengine jioni. Kila mmoja anasema: "Nikipata diploma, nitapeleka vitu Uganda, nitarudi na feza." Ni vizuri. Lakini tunahesabu faida tu, hatuhesabu safari.

Kaka mmoja wa kanisa letu alichoma na kuuza makala hapa Masako mpaka akapata kapitali. Akanunua mabido 30 ya mafuta ya mawese, akayapandisha kamio mpaka Beni, kisha Kasindi. Kwenye kila barieri alilipa. Mpakani wakamwomba karatasi ambayo hakuisikia hata siku moja. Alilala pale siku 11. Alipovuka, wanunuzi wakatikisa kichwa: watu wengi kule wamezoea kupikia mafuta meupe yaliyosafishwa. Yake mekundu aliyaacha kwa bei ya kutupa, akarudi mikono mitupu.

Je, Uganda ilimkosea? Hapana. Yeye hakuuliza. Kwa mawazo yetu, iko maulizo manne.

La kwanza: watu wa kule wanatumia nini? Siyo sisi tunapenda nini.

La pili: sheria ya kule inasema nini, na kesho itasema nini? Wazee wa Kisangani wanakumbuka. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba biashara za wageni zitapewa Wazairwa. Wagiriki waliokuwa na maduka hapa mjini kwetu waliyapoteza, na wengi waliopewa hawakujua kuyaendesha. Rafu zikabaki tupu. Tena vita: mwaka 2025, M23 ilipoingia Goma na Bukavu, mabenki ya kule yalifunga milango.

La tatu: feza ni yako au ni deni? Nakumatt ya Kenya ilifungua maduka makubwa Uganda, Tanzania na Rwanda. Ilikua upesi, lakini haikuweza kuwalipa waliokuwa wakiiletea vitu. Mwaka 2017 maduka yake yakaanza kufungwa moja kwa moja, na leo haiko tena.

La nne: nani wa kule atakushika mkono? Equity, benki ya Kenya pia, haikuja Kongo kuanzia kwenye udongo. Mwaka 2015 ilinunua sehemu kubwa ya ProCredit, benki iliyokuwa ikifanya kazi hapa tayari. Mwaka 2020 ikanunua sehemu kubwa ya BCDC, iliyozaliwa mwaka 1909, ikaziunganisha kuwa EquityBCDC. Ilipata wafanyakazi wanaojua nchi, na wateja wanaojua mlango. Kaka yetu hakuwa na hata mutu mmoja wa kumwandikia kabla ya kuondoka.

Wengine darasani wanasema: "Wageni wanakuja kula soko letu, juu gani tuwasifu?" Hatuwasifu. Tunasema tu kwamba mpaka uliofunguliwa ni mlango wa pande mbili. Wao waliuliza kabla ya kuingia. Sisi tukitoka bila kuuliza, tutabaki wanunuzi siku zote.

Wala hatuhitaji kungoja Uganda ili kujifunza. Mama zetu wanaotoka Masako na sombe kwenda soko la Kisangani, kilometa karibu 14, wanajua siku gani mji unanunua, nani analipa na nani anakopa bila kurudi. Wanauliza maulizo hayohayo manne kila asubuhi.

Basi tunaomba jambo moja. Kabla ya mtihani wa Leta, kila mfinalisti anayetaka biashara achague kitu kimoja, aandike majibu manne kwenye ukurasa mmoja, na mwalimu wa biashara ayasahihishe kwa kalamu nyekundu. Afadhali kosa letu lipatikane kwenye daftari kuliko Kasindi.

Bwana Yesu alitupa mfano wa mwenye kujenga mnara: anaketi kwanza, anahesabu gharama (Luka 14). Tuketi basi. Mpaka hautakimbia.